Mazoezi ya Mama Sheria

Majirani walimwita Mama Sheria, naye hakulikataa jina. Kazini alikuwa ofisa utumishi, na kila alipofungua mdomo, kifungu cha sheria kilitangulia salamu. Jumatatu alitakiwa kuhutubia semina ya watu walioajiri wafanyakazi wa nyumbani, na tangu Jumamosi asubuhi alikuwa akizunguka sebuleni na makaratasi yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Dada, yaya wa nyumba hiyo kwa miaka sita, alikuwa akipiga pasi. Moyoni alikuwa na lake. Binti yake wa pekee alikuwa amebakiza wiki mbili kujifungua mtoto wa kwanza. Harusi ya binti huyo Dada aliiona kwenye picha tu, kwa sababu siku ile Mama Sheria alikuwa na wageni. Kila alipogusia likizo alijibiwa kwa tabasamu, "Likizo ya nini, Dada? Wewe si mfanyakazi hapa, wewe ni ndugu." Basi ndugu akarudi jikoni kuosha masufuria. Iliuma, na bado ilikuwa ikiuma. Safari hii alikuwa ameapa kwamba hatamwona mjukuu kwenye picha tu. Ila aanzie wapi?

"Dada, hebu weka pasi chini," Mama Sheria akasema. "Nikisoma peke yangu nasinzia. Jifanye mfanyakazi wa nyumbani, umekuja ofisini kwangu kulalamika."

"Nijifanye?"

"Jitahidi tu."

Dada akaketi kwenye kochi ambalo kwa miaka sita alikuwa akilifuta vumbi tu. "Hodi, ofisa. Nimefanya kazi miaka sita, sijapata likizo hata siku moja."

"Miaka sita!" Mama Sheria akapiga meza. "Huyo mwajiri hana haya! Likizo ya mwaka si hisani, ni haki yako, tena ya malipo."

"Anasema mimi ni ndugu yake."

"Janja ya nyani hiyo! Undugu si mkataba. Muulize, ndugu gani anapiga deki wenzake wamekaa?" Maneno hayo yalimfurahisha mwenyewe, akayaandika pembeni ya karatasi.

"Na nikienda, akinipigia simu?"

"Aliye likizoni hasumbuliwi. Labda nyumba iwe inaungua."

Dada akajivuta hadi ukingoni mwa kochi. "Basi nisaidie kujaza fomu, ofisa."

Mama Sheria akachomoa fomu mkobani kwa madaha, akaandika kama Dada alivyomtajia. Muda: siku ishirini na nane. Kuanzia: Jumatano. Sababu: mjukuu. "Jina la mwajiri?"

Jina Dada alikuwa nalo ulimini, lakini lilikuwa zito kuliko gunia la mkaa. Chiriku, binti wa Mama Sheria, mwenye miaka mitano na mdomo usiolala, alikuwa chini ya meza akichora paka. Kwake halikuwa zito hata kidogo.

"Si wewe, Mama?"

Mama Sheria akatazama fomu, akamtazama Dada, akalitazama kochi. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuna kifungu kilichotoka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, tena maji aliyoyateka mwenyewe.

"Lakini haya ni mazoezi," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mama," Dada akajibu taratibu. "Na Jumatatu wakikuuliza yaya wako alikwenda likizo lini, utawajibu nini?"

Kalamu ilisita hewani muda mrefu. Kisha ikaandika jina, ikatia na saini.

Wiki ya tatu ya likizo, Dada alikuwa kwa binti yake, amempakata mjukuu, msichana mwenye mashavu kama maandazi, simu ilipolia.

"Dada, samahani. Mwiko ule mkubwa uliuweka wapi?"

"Nyumba inaungua, Mama?"

Kwa mbali Chiriku alisikika akikohoa. "Hapana," Mama Sheria akasema kwa sauti ndogo. "Uji ndio umeungua."

"Pole. Uji si nyumba. Loweka sufuria."

Akaizima simu. Mjukuu akapiga mwayo, na bibi yake akajilaza kando yake, mchana kweupe, wakalala.