Kiganja Juu ya Mfuniko

Kila alipomwasha Kifaru, mume wangu aliweka kiganja juu ya mfuniko wake na kungoja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kifaru ni amplifaya yetu ya zamani: sanduku jeusi la chuma, vishikio viwili vilivyong'aa kwa kushikwa, na ndani yake transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Alikuwa akinguruma chini chini, kisha akapata joto. Hapo mume wangu akasema, "Ameamka," na shughuli ikaanza. Waliokaa viti vya mbele hawakujua kwamba muziki wao ulikuwa ukisubiri ruhusa ya kiganja.

Kazi ya nyumba yetu ni kukodisha vyombo vya sauti: spika, maiki, waya, jenereta. Mume wangu aliianza akiwa kijana wa kumweka Kifaru begani peke yake na kupanda naye jukwaani bila kuhema, na kwa hilo watu wakambandika jina la Winchi. Sasa Winchi ana wajukuu, na Kifaru hajapungua uzito hata kidogo. Kila baada ya shughuli nilimkanda mgongo kwa mafuta ya moto, naye akiuma ncha ya mto asije akapiga kelele. Daktari hakumumunya maneno. "Mzee," alimwambia, "ukiinua tena chuma kile, siku nyingine utakuja kunisalimia ukitazama viatu vyangu."

Ndiyo maana binti yetu, ambaye siku hizi ndiye anayeendesha kazi, alipoleta amplifaya mpya, nilishukuru kuliko wote. Ilikuwa nyembamba kama sinia la vikombe. Aliingia nayo kwapani, mkono wa pili umeshika mkate.

"Nguvu ni zilezile, Baba," akasema. "Tena hii inazidi."

Winchi akaichukua, akaipandisha na kuishusha, akaigeuza chini juu. "Humu ndani mmetia nini? Pamba?"

"Kifaru anakula umeme mwingi na sehemu kubwa anaichoma bure. Hii inaukatakata umeme vipande vidogo vidogo, haraka haraka, inaupeleka karibu wote kwenye spika. Haihitaji chuma kile chote, wala haipati joto la maana."

"Haipati joto?"

"Joto ni umeme uliopotea njia, Baba."

Aliweka kiganja juu ya mfuniko mpya ingawa mashine haikuwa imewashwa, akakiacha pale. Dereva wetu, ambaye ulimi wake haujui likizo, akachungulia dirishani. "Mzee, kesho tunabeba amplifaya au tunabeba kifungua kinywa?" Tukacheka sote. Winchi naye akacheka, amechelewa kidogo, baada ya kuziona nyuso zetu.

Asubuhi ya kazi nilimkuta stoo amepiga goti mbele ya Kifaru, vishikio mkononi, mgongo umeshajikunja tayari.

"Wewe! Acha hapo hapo!"

Hakugeuka.

"Nakuita, baba watoto!"

Hakugeuka mpaka kivuli changu kilipoangukia mikono yake. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kumwita mara mbili, mara tatu. Nilisema moyoni kwamba mume akizeeka, sauti ya mkewe huwa kama mvua juu ya bati, anaisikia asiisikilize. "Kiburi hicho kitakulaza kitandani," nikamwambia. "Mtoto amekuletea nafuu, wewe unataka mzigo."

"Siwezi kufanya kazi na kitu nisichojua hali yake."

"Basi kaa nyumbani."

Alisimama polepole kwa kushika ukuta. "Nikikaa nyumbani leo," akasema, "sitatoka tena." Akaenda kupanda gari, mikono mitupu. Sikumbuki kumwona akipanda gari lile mikono mitupu kabla ya siku hiyo.

Shughuli ilikuwa uwanjani mwa shule, kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu. Nilikwenda nao kwa kuwa ndiye aliyemfundisha binti yetu kusoma. Vyombo vilipangwa upesi mno. Zamani kumshusha Kifaru peke yake kulikuwa ibada. Winchi alikabidhiwa kiti kando ya meza ya mitambo. Alikaa kama mgeni, magoti pamoja.

Kwaya ya watoto iliimba, mambo yakaenda vizuri. Kisha mwalimu mkuu akashika maiki. Ni mwanamke wa sauti ya chini, aliyewatuliza watoto miaka yote kwa kunong'ona, na uwanja mzima ukainamisha masikio kumfuata. Binti yetu alikuwa amekwenda spika ya mbali kutazama waya uliolegea. Mimi nilikuwa nyuma ya Winchi, na nilimwona akiangalia midomo ya mwalimu. Akaweka kiganja juu ya mfuniko. Akakihamisha, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo pasipo na moyo. Uso ukasawijika kwa hofu.

Akazima. Akawasha, kama alivyokuwa akimfanyia Kifaru anapokwama.

Neno la mwalimu likakatika katikati. Mashine mpya ina desturi yake, hujikagua kidogo kabla ya kutoa sauti, naye Winchi, kwa kuona kiganja bado kinaguswa na baridi, akaizima tena. Watu wakageuka. Binti yetu akaja mbio, sketi imeshikwa mkononi.

"Baba! Ilikuwa inasema!"

Winchi alimtazama mdomoni. "Ilikuwa inasema?" akauliza, taratibu sana.

Ilikuwa inasema hadi mlinzi wa getini alisikia. Hapo ndipo nilipoelewa. Kile nilichokiita kiburi hakikuwa kiburi. Masikio yake yalikuwa yamemwacha kidogo kidogo, naye akajifunza kusikiliza kwa mkono: mngurumo wa Kifaru, mtetemo wake, joto lake. Mashine hii iliyomwokoa mgongo ilikuwa imemnyang'anya sikio lake la mwisho. Na angemwambia nani? Fundi wa sauti asiyesikia ni mpishi aliyekatwa ulimi.

Sauti iliporudi, mwalimu akasema, "Naona hata mitambo imechoka na hotuba yangu." Uwanja ukacheka. Winchi akatazama huku na huku kujua wanachekwa akina nani.

Binti yetu alisimama akimwangalia baba yake. Sijui alikuwa amejua tangu lini, au alijua dakika ile ile pamoja nami. Alizunguka akaja mbele yake, ana kwa ana, akasema bila kupaza sauti, akiyatengeneza maneno vizuri kwa midomo: "Baba, nishikie spika hii. Upepo."

Upepo haukuwapo. Bendera ya shule ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake.

Winchi akainuka, akaweka kiganja kwenye ubavu wa boksi, kwenye mbao. Akatulia. Vidole vikatanuka kimoja kimoja. Mwalimu alikuwa akisimulia habari za mtoto aliyekuwa akificha chaki mfukoni, na niliona maneno yale yakipanda mkononi mwa mume wangu, yakifika begani, yakilegeza shingo.

"Imeamka," akasema. Baadaye kidogo akageuza kichwa. "Besi imezidi. Punguza."

Binti akapunguza, na sauti ya mwalimu ikatoka safi, kama dirisha lililofutwa vumbi.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa bado kwenye mapaa ya jirani. Dereva akampokeza amplifaya. "Mzee, kifungua kinywa chako hiki." Safari hii Winchi alikuwa akimtazama usoni, na akacheka palepale. Aliibeba kwa mkono mmoja mpaka stoo, akaiweka juu ya mgongo wa Kifaru.

Nilifika mlangoni na chai yake. Nilifungua kinywa nimwite, nikakifunga. Nikavuka chumba, nikamgusa bega.

Akageuka. "Uliniita?"

"Nilikuita."

Alinitazama mdomoni kwanza, kisha machoni. "Mara ngapi?"

"Mara moja tu," nikasema, nikampa kikombe.