Kadi ya Wino Mwekundu

Akina mama wenzangu mlio na kaseti za wazee sandukuni, nisikilizeni kabla hamjazipeleka maktaba.

Mimi nilipeleka ya bibi yangu, Fuatino. Humo alisimulia nasaba yetu yote, hadi lile tusilolitamka mbele ya watu: kwamba baba yake hakuzaliwa katika ukoo huu, aliletwa mchanga kutoka kijiji kingine akalelewa. Kwetu Samoa nasaba haianikwi barazani. Lakini kaseti ilishaanza kuota ukungu, na aliyekuwa akiorodhesha vitu maktaba ni Lagimaina, mtoto wa marehemu dada yangu. Akajaza kadi, juu yake akaandika kwa wino mwekundu: Asisikilize mtu bila idhini ya familia. Niliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Nikarudi nyumbani moyo umetulia.

Mwaka huu tukaitwa mahakamani. Fatu, wa tawi lingine la ukoo, anadai cheo chetu cha mkuu wa ukoo, eti sisi si wa damu, na anayepata cheo anapata na kiwanja tunachokaa. Sikuogopa, maana ushahidi angeutoa wapi? Akatoa simu mfukoni, akabonyeza. Sauti ya bibi ikajaa chumba, pamoja na kile kikohozi chake.

Mwanangu Tavita akanigeukia. "Mama, huyo si Bibi?"

"Umeipata wapi wewe?" nikamfokea Fatu.

Akacheka. "Ipo wazi dunia nzima, dada. Ndugu zangu wa Auckland wanaisikiliza huku wanapika."

Nilikwenda maktaba moja kwa moja. Lagimaina alijua nilichofuata.

"Mama mdogo, kadi zilikuwa elfu tisa. Tuliambiwa ziingie zote kwenye kompyuta kabla ya Krismasi, pamoja na sauti za kaseti, kila mtu azipate mtandaoni. Pale kuna nafasi ya jina, ya mwaka, ya kijiji. Ya yale maneno mekundu haikuwepo."

"Ukayaona, ukayaruka?"

"Nilisema nitarudi kuyashughulikia."

"Ulirudi?"

Akaanza kupanga kadi zilizokuwa mezani.

"Itoe sasa hivi!"

"Nimeitoa juzi. Lakini watu wameshainakili."

"Bibi kazikwa mbele ya nyumba yetu, Lagi. Mama yako yuko ubavuni pake. Wewe tutakuzika wapi, humu kwenye kompyuta?"

Akalia. Sikumbembeleza.

Tumeshindwa. Tumepewa muda wa kuvuna magimbi yetu, kisha tuhame. Makaburi yatabaki mlangoni kwa Fatu.

Jana Lagimaina kaja na sufuria ya kakao, kakaa chini bila kuambiwa karibu. "Mama mdogo, ile kaseti ya pili ya Bibi uliyobaki nayo itaharibika. Nipe, safari hii nitaisimamia mwenyewe."

Safari hii! Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu.

Basi nyinyi msiridhike kuonyeshwa kadi. Semeni mfunguliwe hiyo kompyuta, mwone kwa macho yenu sharti lenu limeandikwa wapi, na nani anaweza kulifuta. Wasipoweza kuwaonyesha, rudini na kaseti zenu nyumbani.

Ya kwangu nimemnyima. Ukungu umeshafika ukingoni mwa utepe, nauona. Na uile tu, ikiwa bado yetu.