Beseni na Kadi ya Njano

Binti yangu alipiga simu jioni ya kuamkia safari, akaniwekea masharti.

"Mama, nakujua," alisema. "Ukitoka kwenye ndege mpaka ukapanda kitandani bila kugombana na mtu, kesho yake mtoto utamwogesha wewe. Ukigombana, hata na mtu mmoja, ataogeshwa na mama mkwe, na wewe utashika taulo."

"Na nani atakuambia kama nimegombana?"

"Baba. Kwani yeye si refa?"

Hapo alinibana. Mume wangu alichezesha mpira kwenye ligi za mtaani mpaka goti likamgomea. Alistaafu, lakini jina la Refa limemganda, na kadi ya njano bado anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Huwaonyesha watoto wa jirani wakikanyaga bustani. Zaidi ya hapo hunionyesha mimi.

Niseme wazi kwamba jambo la kuogesha halikuwa mzaha. Watoto wote wa upande wetu, wangu na wa wadogo zangu, wamepita mikononi mwangu. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza, alikuwa hata hajafikisha mwezi, na nilikuwa nimemwona kwenye simu tu, kichwa kipana kama cha babu yake. Bibi wa upande wa pili alituwahi. Alishakaa kwenye chumba cha wageni pale kwa binti yangu, ndiyo maana sisi tukatafutiwa nyumba ya wageni mtaa wa jirani. Kila asubuhi nilitumiwa video ya bibi huyo akimwogesha mtoto: anachovya kitambaa, anakikamua mpaka kinakauka, halafu anampangusa kama mtu anayefuta vumbi kwenye redio. Nilitazama video zote bila kusema neno. Kisha nikaenda stoo kuchukua beseni.

Ni beseni la plastiki, la bluu, ukingo wake umeyeyuka kidogo siku lilipowekwa karibu na jiko. Binti yangu mwenyewe aliogea humo. Halikuingia kwenye sanduku, nikalifunga kwa kamba juu yake.

"Huko mabeseni hayauzwi?" Refa aliuliza.

"Yanauzwa. Hili silijaribu, nalijua."

Ndege ilichelewa kuondoka, kwa hiyo tulitua usiku mkubwa, miguu imevimba. Lugha haikutusumbua. Ng'ambo ile ya mpaka wanaongea kama sisi, ila wao wanavuta maneno kama watu wasio na haraka ya kumaliza. Ofisa wa uhamiaji alikuwa hana haraka ya kitu chochote.

"Umekuja kufanya nini, mama?"

"Kuogesha mtoto."

Akaacha kufungua kurasa. "Umekuja kufanya kazi?"

"Si kazi. Ni mjukuu wangu."

"Na huku hakuna mtu wa kumwogesha?"

Refa akakohoa nyuma yangu. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, na yote yalikuwa mazuri. Nikayameza. "Yupo," nikasema, "lakini tunasaidiana."

Muhuri ukagongwa. Refa akaninong'oneza, "Mchezo safi. Endelea hivyo."

Kwenye mkanda wa mizigo sanduku lilikuja, beseni halikuja. Kamba ilikuwa inaning'inia tupu. Tulizunguka ule ukumbi mpaka nikaliona. Mpagazi mmoja, kijana mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, alikuwa amelifudikiza chini karibu na nguzo na kulikalia, anachezea simu.

Sikupaza sauti. Hilo nitalisema hata mbele ya hakimu.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapo ulipokalia ni bafu la mjukuu wangu. Na hayo makalio hukuyanawisha kabla ya kuyaweka hapo."

Kijana akaruka kama kakalia kaa la moto. Akaniomba radhi, akalifuta beseni kwa mkono wa shati, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipogeuka nikakutana na kadi ya njano.

"Ya nini sasa? Nimemwita mwanangu!"

"Sehemu ya kwanza ilikuwa sawa," Refa akasema. "Nakuadhibu kwa ile ya pili."

"Masharti yalisema kugombana. Yule kanijibu? Ugomvi wa mtu mmoja uliuona wapi?"

"Kwako. Miaka thelathini sasa." Akairudisha kadi mfukoni. "Bado moja. Ikija ya pili, ni nyekundu, na unajua taulo liko wapi."

Nilijifahamu: swali langu la kwanza huwa swali, la pili huwa hukumu. Njia ya salama ilikuwa kutofungua mdomo kabisa mpaka nione mto na shuka.

Nje tulipata teksi. Nikamtajia dereva jina la nyumba ya wageni, akasema anaijua tangu utoto wake. Refa alikaa mbele kwa ajili ya goti, na kabla hatujatoka getini alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mimi nilikaa nyuma na beseni mapajani.

Dereva alikuwa msemaji. Alinieleza habari za mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea kwa siku chache na sasa amepanda maua.

"Maua, mama! Mtu wa kuondoka kesho anapanda maua?"

"Mm," nikasema.

Binti yangu alikuwa amenielekeza njia mara nyingi, nami naielewa njia nikielezwa: mzunguko mkubwa, kituo cha mafuta, hapo unakata kushoto, unafuata ukuta wa hospitali, na nyumba ya wageni iko mkabala na geti lake. Mzunguko ukaja, nikauona. Kituo cha mafuta kikaja, taa zake zinawaka zote, huwezi kusema hukukiona. Gari likanyoosha mbele.

Nilishika beseni kwa mikono yote miwili. Nilijiambia labda kuna njia ya mkato. Nilijiambia labda kuna kituo kingine. Tukapita soko lililofungwa, tukapita gereji zimepangana, tukaingia mtaa wa maghala ambako hata mbwa walikuwa wamelala. Ukuta wa hospitali haupo. Neno lilinifika kooni, likasukumana na meno, nikalirudisha. Nikamwona mtoto akilini. Nikamwona bibi wa upande wa pili na kile kitambaa chake kikavu.

"Mama uko kimya sana," dereva akasema. "Wewe ndiye mama mkwe mzuri."

"Mm."

Tukasimama mbele ya jengo la zamani karibu na kituo cha mabasi. Jina lilikuwa lile lile, limeandikwa juu ya mlango, taa ya herufi mbili imekufa. Dereva akashusha sanduku. Refa akazinduka, akatazama huku na huku.

"Hospitali iko wapi?"

"Hospitali?" dereva akasema. "Mzee unaumwa?"

Ndani, mtu wa mapokezi alikuwa amelala nyuma ya kaunta, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Aliamka vibaya. Akatafuta jina letu kwenye kompyuta, halipo. Akatafuta tena huku akipiga miayo, halipo.

"Hamjashika chumba hapa. Na tumejaa."

"Binti yetu ameshika chumba," Refa akasema. "Tangu wiki iliyopita."

"Labda binti yenu amesahau. Wanawake wakijifungua husahau."

Mimi ningemshughulikia yule kijana kwa sentensi moja, akaenda kulala na adabu zake. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, beseni mapajani, midomo nimeibana mpaka inauma. Kwa hiyo sikuwa mimi.

Alikuwa Refa. Sijui ni goti, sijui ni kuamshwa, sijui ni kusikia binti yake anasemwa. Aliweka kiganja juu ya kaunta, na ikamtoka ile sauti ya kutuliza wachezaji ishirini na wawili na mashabiki wao.

"Wewe kijana! Unamjua binti yangu, wewe? Toka kwenye blanketi nikuone! Mtu anapokea wageni kama kifurushi? Simama! Simama wima unapoongea na mimi!"

Kijana akasimama, blanketi likaanguka, akabaki na kaptula. Mlango wa juu ukafunguliwa, wa pili nao, mtu akaita kutoka ghorofani, "Jamani, tulale!" Refa akamgeukia hata yule wa ghorofani. "Shuka uje useme hapa!"

Simu yangu ikaita.

"Mama," binti yangu akasema, na hapo hapo akasikia kelele. Akashusha pumzi. "Nilijua. Nilikaa hapa nikisema safari hii ataweza. Haya, pole. Utashika taulo."

"Sikiliza vizuri," nikamwambia, nikainua simu juu.

"...na hiyo kompyuta yako uiamshe nayo!" Refa alikuwa anasema.

Nikamsikia akibandika simu sikioni.

"Huyo ni Baba?"

"Ndiye refa uliyenipa."

Akaanza kucheka taratibu. Alicheka mpaka nikamsikia anajishika mshono. "Mama, mko wapi? Mbona nasikia mabasi?" Nikamweleza. Akasema wenye nyumba ile wana nyumba mbili za jina moja, ya zamani na mpya, na yetu ni ile mpya ya hospitalini. "Lakini nilikuelekeza, Mama. Kituo cha mafuta. Hukukiona?"

"Nilikiona."

"Dereva alipokipita hukusema?"

"Uliniambia nisigombane."

"Kumwambia mtu amepita njia ni kugombana?"

"Sijui. Kwenu nikisema chumvi imezidi, nagombana. Nikisema funga mlango, nagombana. Nikaona bora ninyamaze nisikose mtoto."

Hakucheka tena. Nilisikia mtoto anakoroma karibu na simu, kile kikoromo kidogo chenye maziwa.

"Ndiyo maana nilipiga," akasema baadaye. "Umetua muda mrefu na hujanipigia kulalamika hata kidogo. Niliogopa. Nilijua lazima mmepotea. Mama, hebu ongea naye huyo dereva. Ongea unavyoongea siku zote. Hiyo sitaihesabu kuwa ugomvi."

Nikatoka nje. Dereva alikuwa bado anafunga buti, anasikiliza zogo kwa raha zake.

"Baba," nikamwambia, "kwenye kituo cha mafuta ulitakiwa kukata kushoto. Nilikuona ukipita na nikakuacha, kwa hiyo kosa tugawane. Sasa fungua buti, turudi, na safari hii njia naelekeza mimi."

Akanitazama. "Kumbe njia unaijua? Mbona ulinyamaza tangu kule?"

"Ulikuwa unaongea."

Akafungua buti. Nilirudi ndani nikamshika Refa mkono, nikamwambia kijana wa blanketi kwamba mzee amechoka, alale salama. Kijana akasema, "Asante, mama, wewe una roho nzuri." Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu wa mapokezi popote pale, na Refa aliyasikia.

Njiani hakulala. Alikaa wima akitazama mbele kama mchezaji aliyetolewa nje. Tulipofika kwenye ukuta wa hospitali nikanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, nikachomoa kadi kwenye mfuko wa shati lake na kumwekea mbele ya macho.

"Nimekubali," akasema.

"Hii si ya kukubali. Hii ni ya kupewa." Kisha nikamrudishia mfukoni.

Nyumba mpya ilikuwa na taa mlangoni, na dada wa zamu alitungoja akifuma kofia. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha linaloangalia geti la hospitali, na bomba linalodondoka. Bomba nikaliona. Nikaenda kulala hivyo hivyo, maana masharti yalisema mpaka kitandani, na sikutaka mtu apate pa kunishikia.

Asubuhi mkwe wangu alikuja kutuchukua. Binti yangu alinikumbatia kwa upande mmoja kwa sababu ya mshono, akinukia maziwa, akasema, "Maji yako tayari. Sijaruhusu mtu kuyagusa." Kisha akamgeukia baba yake na kumpa ndoo ya nepi. Hawakuwa wamekubaliana hivyo, lakini Refa aliipokea bila kuuliza na akaenda nayo uani.

Nikaweka beseni mezani. Nikapima maji kwa kiwiko. Mjukuu wangu alivuliwa, akaona hewa, akakunja uso, akapiga ukelele wa kuamsha mtaa. Nikamteremsha taratibu, mkono chini ya shingo, mpaka maji yakamfika mabegani. Akanyamaza. Akanitazama kwa jicho moja, lingine limefumba, kama anayenipima.

"Mama," binti yangu akasema kwa sauti ya chini, "kumbe hivyo ndivyo unavyoshika."

"Hivyo ndivyo nilivyokushika wewe."

Bibi wa upande wa pili alikuwa amesimama pembeni na taulo, amelikunja mara nne kama la hotelini. "Bibi mwenzangu," akasema, "hayo maji si mengi sana?"

Nikamwangalia binti yangu. Binti yangu akaangalia dari. Masharti yalikuwa yameisha tangu usiku.

"Yanatosha, bibi mwenzangu," nikasema. "Ila hilo taulo lifungue. Mtoto hakaushwi kwa pembe."

Dirishani, nyuma ya nepi tatu zilizoanikwa, ukatokea mkono wenye povu, umeshika kadi ya njano.