Programu Isiyo na Ua

Kitu cha kwanza alichokiona Stamena ni kijiko. Ognjen alichota ngano tamu ya sikukuu, akala, na alipokitia kijiko kwenye glasi ya maji kikagonga ukingo na kuanguka mezani. Mtu mwenye maghala matatu ya baridi hapo mjini Arilje, Serbia, anaangusha kijiko mbele ya bakuli la ngano.

Ilikuwa siku ya mtakatifu wa ukoo wa akina Stamena. Siku hiyo haalikwi mtu wala hafukuzwi mtu; ajaye hukaribishwa. Kaka yake, Vukašin, alilijua hilo, akammiminia Ognjen rakija, pombe kali ya matunda, huku amekaza taya.

Programu ya kulinda baridi kwenye maghala ya rasiberi waliiandika wao wawili, kaka na dada, wakaiweka wazi mtandaoni, kila atakaye aichukue na airekebishe. Ognjen akaichukua, akaitia kwenye mitambo yake, akaiuza mitambo hiyo bonde zima. Sasa kampuni moja ya Belgrade ilitaka kuinunua, ila kwa sharti kwamba ifungwe, asiione mtu mwingine. Mkataba ulikuwa mezani, kando ya mshumaa. Vukašin angetia saini baada ya kahawa.

"Kula, jirani, usione haya," Vukašin alisema. "Kwangu umezoea kula bila kualikwa."

Wageni wakacheka. Ognjen hakucheka.

"Uliandika mwenyewe kwamba kila mtu achukue."

"Niliandika achukue. Sikuandika anikalie kichwani."

Ognjen akakiri kuwa miaka yote hiyo hakurudisha hata mstari mmoja wa marekebisho yake. Kisha akatoa flashi mfukoni. Mafundi wake walikuwa wamepata njia ya kuyaokoa matunda umeme unapokatika, naye alikuja kuirudisha ilikotoka. Programu ikifungwa, alisema, mambo kama haya yataozea mifukoni mwa watu.

Vukašin hakuigusa. Alisema hata yeye ana lake mfukoni: wazo la kifaa cha kunusa rasiberi zilizoanza kuharibika. Alikuwa amelikalia wazo hilo muda mrefu.

"Nikilitoa leo, kesho ni lako. Nani alime shamba lisilo na ua?"

Stamena aliona kila mmoja ana haki yake, na hilo ndilo lililomtisha. Mezani hapo hakuwahi kutia neno. Lakini mtandaoni ni yeye aliyewajibu wote walioandika kuhusu programu: mama wa Poland aliyeiongezea king'ora cha mlango wa ghala, mzee wa Ugiriki mwenye ghala la jibini. Huko alitania, akabisha, akaulizwa habari zake akikawia.

Akaenda jikoni kuchukua kahawa. Aliporudi, kaka yake alikuwa ameshika kalamu.

"Stamena hana neno," Vukašin aliwaambia wageni, kama alivyozoea. "Yeye na sinia lake."

Stamena akaliweka sinia juu ya mkataba. Kahawa ikamwagika kidogo.

"Ninalo, kaka," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Hicho kifaa chako kizungushie ua, ni jasho lako. Hii iache wazi. Humu ndani mnaniona nimekaa kimya, mnadhani ndivyo nilivyo. Kule mtandaoni ndiko ninakoongea. Ukiifunga, sina pengine pa kusemea."