Cherehani ya Shangazi Yarudi Kituoni

Kila Alhamisi asubuhi, kituo cha polisi kikishapigwa deki, mabenchi mawili yanageuzwa yatazamane, halafu kikao cha kuombana radhi kinaanza. Teja aliyeiba anakaa huku, aliyeibiwa kule, koplo katikati na chupa yake ya chai. Utaratibu unajulikana: teja akiomba radhi kutoka moyoni, kitu alichoiba kinakuja chenyewe. Mitungi ya gesi hubingirika mpaka mlangoni. Redio huja zikiimba. Mwenyewe akikishika mkononi, teja anaachiwa, anapelekwa kliniki kunywa dawa ya kuacha unga. Asipokishika, teja anarudi mahabusu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Spana na shangazi yake, fundi nguo. Spana alikuwa na arosto ya kukosa unga, meno yanagongana, makamasi yanamchuruzika.

“Shangazi, cherehani niliiuza mimi. Jioni nikakuona unashona kwa mkono, nikajifanya nimelala.”

“Na ulivyokuwa unakoroma! Muongo mkubwa wewe.” Shangazi akajifuta macho. “Haya. Nimekusamehe, baba.”

Cherehani ikaingia kwa mlango wa nyuma, kutoka upande wa nyumba ya mkuu wa kituo. Ilitembea kwa miguu yake ya chuma, polepole, maana pale pana ngazi. Chini ya sindano lilikuwa limening'inia gauni la mke wa mkuu, mkono mmoja bado haujaisha. Mkuu mwenyewe alifuata nyuma, ameshika pindo lisiburuzike.

Shangazi akauvuta ule mkono wa gauni, akaukagua mshono. “Hapa mmekaza mno. Mama hatainua bega.”

“Nitamwambia,” mkuu akajibu. “Koplo, cherehani hii ni ushahidi. Itatunzwa kwangu.”

“Afande, si imetoka kwako?”

“Ndiyo maana najua pa kuiweka.”

Polisi wawili wakaibeba. Ilikaza miguu kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa, lakini wakaiweza. Na kwa kuwa shangazi alikuwa ameshika gauni tu, si cherehani, Spana akarudishwa mahabusu.

“Jamani, si nimeshamsamehe!”

“Tumekusikia, mama,” koplo akasema, akimmiminia chai. “Msamaha upo. Cherehani ndiyo haipo.”

Kule kliniki dirisha la dawa likafungwa. Spana akajikunja sakafuni mle mahabusu, akatapika.

Alhamisi iliyofuata akaomba radhi tena, cherehani ikaja tena, mkuu akasema yale yale. Wale polisi wawili wakalalamika kuwa migongo inawauma.

Mkuu ni mtu muelewa. Akawanunulia toroli.