Matembe ya Bi Chuma

Kiburi ndicho kilichomtia Bi Chuma matatani. Mwanzoni mwa baridi mwanawe, dereva wa lori, alikuja kumchukua akaishi naye ghorofani, maana kifua kilikuwa kinambana na nyumba yake inapitisha upepo kama chekecheke. Mama akamwonyesha banda lililojaa matembe, kuku wachanga ambao hawajaanza kutaga, akaropoka: "Akifa hata mmoja kabla baridi haijaisha, nafunga virago." Mwana akaridhika. Nani asiyejua kwamba kuku wachanga na baridi hawapikiki chungu kimoja?

Bi Chuma akajifunga kibwebwe. Akatandika maranda mazito, akakaza magunia upande wa upepo, akaacha mwanya juu ili unyevu wa pumzi zao utoke, maana kuku mkavu huvumilia baridi, aliyelowa hana lake. Kila asubuhi maji yalikuwa yameganda. Akayavunja kwa mwiko na kumimina ya vuguvugu. Alikohoa, ndiyo. Alikohoa huku akiitukana baridi, na baridi ilistahili.

Majira yalipokaribia kugeuka, akamkuta mmoja chini ya ubao wa kulalia, amekakamaa. Yule mwekundu mchokozi, aliyezoea kumdonoa vidole. Bi Chuma akakaa juu ya ndoo akalia, wala hakuona haya.

Jirani yake, fundi viatu, akachungulia juu ya ukuta.

"Bi Chuma, unajiliza bure. Sokoni wekundu wamejaa tele. Mwanao anajua breki na gia, kuku atawajulia wapi?"

Wazo lilikuwa tamu. Likamzunguka kichwani kitambo, kisha likamtia hasira. Yaani amdanganye mtoto aliyemzaa mwenyewe, ili aruhusiwe kukaa kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe?

Siku hiyo mwanawe alikuwa apitie hapo. Lori liliposimama, kuku alikuwa kalazwa mlangoni juu ya gazeti, aonekane vizuri.

"Kafa," mama akasema. "Leo hii."

Mwana akashusha pumzi. Hakufurahi, hakuwa mtu mbaya. "Pole, mama. Basi nikusaidie kufunga mizigo?"

"Siendi."

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Niliahidi kwa mdomo wangu, na leo navunja ahadi kwa mdomo huohuo, mchana kweupe, machoni pako. Niite kigeugeu, sikatai."

"Na hicho kifua? Ukianguka humu peke yako, ukafa kama huyu?"

Bi Chuma akainama, akamwinua yule kuku, akampangusa maranda mgongoni taratibu.

"Huyu kafia kwake," akasema. "Sasa nipishe, wenzake hawajapata maji."