Kikwapa cha Koti la Mkia

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, kamati ya klabu ya dansi ya Nyota ya Unyanyembe iliamua kwamba mashindano ya mwezi wa saba yatachezwa kwa suti za chuenlai, bila makoti ya mkia. Mzee Nassibu hakugomba. Alikaa mkutanoni hadi mwisho, akapiga makofi wenzake walipopiga, akarudi zake nyumbani Gongoni. Alipofika alilitoa koti lake kwenye shuka alimolifunga, akalitundika kwenye msumari wa barazani ambapo kila mpita njia angeliona, kisha akakaa chini yake kama mtu aliyefiwa.

Binti yake, Batuli, alikuwa hapo hapo kwenye cherehani. Alisimamisha mguu.

"Kuna nini, baba?"

"Hakuna kitu. Mwaka huu sichezi."

Batuli hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa kungoja. Shule aliishia darasa la nne, na mengi aliyoyajua aliyapata kwa kutazama. Hata ushonaji aliupata hivyo: mwaka mzima alikaa mkekani mwa fundi Lukumani akitazama vidole vya mzee yule, kabla hajapewa sindano yake ya kwanza. Akatia mguu tena kwenye cherehani, lakini moyo ulikuwa umemshuka, maana alijua maneno yale yamebeba nini.

Nassibu alikuwa mshika bendera wa reli mpaka alipostaafu, na kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyecheza walzi Tabora kama yeye na dada yake Mwanne. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Yeye na dada yake walikwisha kukubaliana kwamba mashindano haya ndiyo ya kuaga, wacheze, wawashukuru watu, wakae. Asipocheza mwaka huu, basi hatacheza tena. Angeondoka ukumbini bila kuaga, kama mtu aliyefukuzwa.

Kesho yake katibu wa klabu alikuja kumbembeleza. Jina lake Hilari, mwalimu kijana mwenye sauti ya darasani hata akiomba maji.

"Shikamoo, mzee Nassibu."

"Marahaba, katibu. Karibu ukae. Siyo hapo, hapo kuna sindano."

Hilari akaruka upande wa pili. "Mzee, hatukukutoa wewe, tumelitoa koti. Nchi ni yetu, jasho ni letu, halafu Jumamosi tunajivika mikia ya mabwana waliokwisha kwenda zao? Wanafunzi wangu wananiuliza, mwalimu, ule mkia wa nini? Sina jibu."

"Na mimi sina," Nassibu alisema. "Lakini simama kidogo. Hiyo chuenlai yako nzuri. Umeshona wapi?"

Hilari alijitazama kwa furaha. Ilikuwa suti ya kijivu ya mtindo wa wakati ule, kola fupi iliyosimama, mifuko minne, pasi imenyooka. "Ni kazi ya Batuli."

"Basi mshike dada yangu hapo kama unaanza walzi."

Shangazi Mwanne aliweka chini ungo wake wa mchele, akapangusa mikono, akasogea. Hilari aliinua mikono, mmoja mgongoni kwa Mwanne, mwingine umeshika mkono wake hewani. Mara suti nzima ikamfuata juu. Mifuko ya chini ikapanda tumboni, mabega yakasogelea masikio, kola ikamkaba kidevu.

"Haa! Katibu," Mwanne alisema, "shingo umeiacha nyumbani?"

"Kobe," Nassibu alisema taratibu. "Katibu, mimi sikatai nguo ya nchi. Nakataa kuwa kobe mbele za watu."

Kisha akalivaa koti lake la mkia na kumpokea dada yake kutoka kwa Hilari. Mikono ikainuka. Bega halikusogea. Kola ilibaki imelala shingoni, mkia umening'inia wima, kama vile mikono ile ilikuwa ya mtu mwingine.

"Unaona? Waliolishona hili walijua. Hili ni koti la Landani. Alilivaa Mzungu wa reli, mimi nikalinunua kwa Lukumani."

"Batuli atakushonea chuenlai itakayokaa hivyo hivyo," Hilari alisema.

"Batuli anashona vizuri sana. Lakini la Landani ni la Landani."

Katibu alipokwisha kwenda, Batuli alibaki akilitazama bega la baba yake. Hakukasirika. Kilichokuwa kikimla ni swali. Wiki ile alikuwa ameshona chuenlai nne za wanaklabu, na zote, sasa alijua, zingefanya vile vile. Alichukua vipimo kama mafundi wote wachukuavyo, mtu amesimama, mikono chini. Koti hili lilikuwa na nini ambacho zake hazina?

Siku mbili baadaye Nassibu alipanda gari moshi kwenda Kigwa, kwa rafiki yake wa zamani wa stesheni, akachukue gunia la karanga. Alisema atarudi kesho yake, Alhamisi. Gari lilipopiga honi, Batuli alilishusha koti.

Asubuhi nzima hakushika wembe. Aliligeuza nje ndani, akaingiza mkono kwenye mikono ya koti, akalivaa, akainua mikono yake mwenyewe mbele ya kioo cha shangazi. Kitu kilikuwa kwapani. Alikisikia kwa vidole, unene mdogo chini ya bitana, lakini bitana ilikificha. Alijiambia atafumua bitana tu, inchi mbili. Inchi mbili zikawa nne. Jua liliposimama kati, mkono wote wa kushoto ulikuwa mapajani pake umetengana na koti, na Batuli alikuwa akicheka peke yake barazani.

Kwapani mlikuwa na kikwapa, kile kipande cha pembe nne ambacho washona kanzu hukitia chini ya mkono ili mtu ainue mikono bila kanzu kumfuata. Kimekatwa kwa kitambaa kile kile cheusi, kikaungwa kwa nyuma na kitambaa cha merikani, na kwa sababu kilikuwa cheusi kwenye giza la kwapa, hakuna aliyewahi kukiona. Mzungu gani huyo wa Landani anayejua kikwapa?

Halafu aliona mwisho wa uzi. Kila fundi ana namna yake ya kuufunga uzi. Huu ulirudi nyuma mara tatu, kisha ukatawanyika kama unyayo wa kuku. Batuli aliujua unyayo ule. Alikuwa akiushona kila siku, na aliyemfundisha ni mmoja.

Fundi Lukumani alikuwa dukani kwake nyuma ya soko la Gongoni, miwani puani, akidarizi shingo ya kanzu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona una uzi mweusi kichwani?"

Batuli alitoa mkono wa koti chini ya kanga, akauweka kwenye magoti ya mzee. Lukumani aliugeuza nje ndani.

"Umefumua kwa mkasi au kwa wembe?"

"Kwa wembe."

"Vizuri. Mkasi ungekula kitambaa."

Akaivua miwani. Batuli naye akakaa mkekani, mahali pake pa zamani, akangoja.

"Kulikuwa na Mzungu wa reli kweli," mzee alisema mwishowe. "Aliniletea koti lake nibadilishe bitana. Nilikaa nalo siku nne, moja ya bitana, tatu za kulifumua na kulirudisha. Nikaupata mkato, nikashona langu. Kwapa ndilo lililonishinda. Wenzetu wanakipinda kitambaa kwa mvuke, mimi nina pasi ya mkaa. Basi nikatia kikwapa. Mzungu akaenda kwao na koti lake, na hili nikalitundika hapo mlangoni nilitazame tu."

"Sasa kwa nini ulimwambia baba ni la Landani?"

"Mimi? Aliingia mwenyewe, akaliona, akasema, 'Fundi, hili la Landani hili?' Nikamtazama macho. Wewe ungejibu nini? Ningesema la Gongoni angelirudisha mlangoni pale pale."

Batuli alikumbuka kitu. Kila mwaka, siku ya mashindano, mzee huyu asiyekosa sala msikitini alisimama nje ya dirisha la ukumbi tangu dansi linaanza. Watu walimcheka chinichini, wakasema mzee anapenda dansi la foksi kwa kuibia.

"Na kule dirishani, babu?"

"Namtazama kwapa," Lukumani alisema, akarudi kwenye darizi yake.

Batuli alirudi mbio akitaka kuurudisha mkono kabla ya Alhamisi. Alikuta gunia la karanga barazani. Nassibu alikuwa amepata nafasi kwenye gari la mizigo, amerudi siku moja mapema, na amesimama mbele ya koti la mkono mmoja.

"Batuli. Mkono mwingine uko wapi?"

"Huu hapa, baba."

"Umelichana koti langu."

"Nimelifumua. Nitalirudisha."

"Nimekwisha kukwambia sichezi, ukaona halina kazi tena, siyo? Ukaona ni tambara?" Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha. "Kitu kimoja tu nilichobaki nacho."

 Batuli alikwenda kwenye kamba ya uani, akaleta kanzu ya baba yake ya Ijumaa, akaitandaza juu ya cherehani kando ya ule mkono mweusi. Aligeuza kwapa la kanzu, akageuza na la koti.

"Kanzu hii nani alikushonea, baba?"

"Lukumani. Unajua."

"Tazama uzi unavyoishia. Halafu tazama na huku."

Nassibu aliinama. Aliusogeza mkono wa koti kwenye mwanga. Akatazama huku, akatazama kule, akapitisha ukucha juu ya unyayo wa kuku. Shangazi Mwanne alikuja naye, akaingiza kichwa katikati yao, na yeye ndiye aliyeelewa kwanza, maana alicheka hadi kanga ikamdondoka.

"Miaka kumi na mitano! Landani, Landani, usiniguse una mafuta, hili la Landani! Kumbe Landani yenyewe hapo nyuma ya soko!"

"Nyamaza, Mwanne."

"Nanyamaza." Hakunyamaza.

Nassibu alikaa. Batuli alimtazama. Hakujua kama amempa baba yake kitu au amemnyang'anya.

"Lukumani anajua kwamba mimi sijui?"

"Anajua. Kila mwaka anasimama dirishani anakitazama kikwapa chake."

"Na mimi nikadhani anapenda foksi," Nassibu alisema. Kitu kilimcheza mdomoni, kikapotea. Alilivaa koti lile la mkono mmoja, akainua mikono yote miwili, akajitazama bega lenye mkono na bega lililo wazi, kwa udadisi ule ule, Batuli aliona, aliokuwa nao yeye asubuhi. Akalivua.

"Hicho kitu kinaingia kwenye chuenlai?"

"Sijui, baba. Sijawahi kusikia mtu amejaribu."

"Haya, lete futi."

Alisimama kama watu wote wasimamavyo kwa fundi, kifua mbele, mikono chini.

"Hapana," Batuli alisema. "Inua. Mshike shangazi."

Basi walisimama barazani wameshikana kama mwanzo wa walzi, karanga miguuni, watoto wa jirani wakiwatolea macho, na Batuli akazunguka nao na futi yake.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulijaa. Wanaume wote walikuwa na chuenlai. Nassibu alipopanga mstari na wengine, mikono chini, suti yake ilifanya mkunjo mnene kila upande, na mtu wa nyuma akasema kwa sauti kwamba mzee ameficha mikate kwapani. Watu wakacheka. Batuli, aliyekuwa ukutani, aliyakazia macho makwapa yale.

Bendi ikaanza walzi. Mikono ikainuka mstari mzima, na mstari mzima mabega yakapanda na shingo zikazama, Hilari akiwa wa kwanza. Isipokuwa mmoja. Mikunjo ya Nassibu ilifunguka ikaisha, kola ikalala, mifuko ikabaki mahali pake. Alimzungusha dada yake kana kwamba sakafu ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Aliyesema mikate alisogea mbele apate kuona.

Goti lilimkataa kwenye mzunguko wa mwisho, akateleza nusu hatua, na kwa nusu hatua hiyo wakawa wa pili. Walisimama katikati, wakawainamia watu wa kila upande, wakawashukuru. Makofi hayakuisha upesi.

Batuli hakungoja yaishe. Alitoka nje, akazunguka hadi dirishani. Lukumani alikuwa pale, kofia imenyooka, mikono nyuma. Alimpisha kidogo ili wote wawili wapate kuona.

"Nilikwambia nini kuhusu kukata kikwapa?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Kata kwa upogo, usifuate uzi wa kitambaa."

"Cha kulia umekata kwa upogo. Cha kushoto?"

Batuli alitazama. Ndani, Nassibu alikuwa amemwinulia mtu mkono wa kushoto kumpungia, na pale kwapani palikuwa na mvuto mdogo, mstari mwembamba ambao hakuna mwingine ukumbini aliyeuona.

"Nimeuona," alisema.

"Njoo Jumatatu. Na mwambie baba yako alete lile koti, nilirudishie mkono wake."